Miungu kwa Hati: Mahekalu ya Wababe wa Vita wa Japani

Lango la Yomeimon katika hekalu la Toshogu huko Nikko, kaskazini ya Tokyo, lina michongo zaidi ya 500: majoka, wanyama wa kubuni, watoto wanaocheza, wenye hekima wa Kichina. Mgeni akishalipita hupanda ngazi ndefu za mawe msituni hadi kwenye kaburi la Tokugawa Ieyasu, mbabe wa vita aliyeshinda vita vya Sekigahara mwaka 1600, akatawazwa shoguni, yaani mtawala wa kijeshi, mwaka 1603, na kuasisi utawala wa ukoo uliodumu hadi 1867. Ni rahisi kuondoka hapo ukiamini kwamba umeuona ukubwa wa mtu huyo. Lakini hekalu la namna hii lina machache ya kusema juu ya marehemu, na mengi juu ya waliobaki hai: nani alihitaji marehemu awe mungu, wakati gani, na kwa faida ipi. Uungu wa wababe wa vita wa Japani ulitolewa kwa hati, na kwa hati ukafutwa.

Ushahidi wa kwanza uko Kyoto, kwa Toyotomi Hideyoshi, aliyeitawala Japani kabla ya Ieyasu. Alifariki mwaka 1598, na mwaka uliofuata Mfalme akampa jina la kimungu, Toyokuni Daimyojin, huku hekalu kubwa likisimamishwa chini ya kilima cha Amidagamine alikozikwa. Mwaka 1604, katika kumbukumbu ya kifo chake, Kyoto ilifurika wacheza ngoma, na wachoraji wakaiweka sherehe hiyo kwenye viwambo ambavyo vingali vinatazamwa leo. Mungu huyo alionekana kukita mizizi. Hata hivyo, mwaka 1615 majeshi ya Ieyasu yaliiteka ngome ya Osaka, mwana wa Hideyoshi akajiua, na ukoo ukakatika. Mara cheo cha kimungu kikabatilishwa, hekalu likafungwa, na majengo yakaachwa yaoze. Hakuna sifa hata moja ya Hideyoshi iliyobadilika kati ya 1604 na 1615, wala ushindi wake wa vitani haukupungua. Kilichobadilika ni mwenye amri tu. Aliye juu mngoje chini, na kwa Hideyoshi msemo huo ulimfuata hadi mbinguni.

Ieyasu alikufa mwaka uliofuata, 1616, na warithi wake walikuwa wamelielewa vizuri somo hilo kwa sababu wao wenyewe ndio waliolifundisha. Wosia wake ulitaka azikwe Kunozan, na baada ya mwaka mmoja ajengewe kijumba kidogo cha ibada Nikko ili awe mlinzi wa majimbo ya Kanto. Ukazuka ubishi juu ya jina lake la kimungu. Upande mmoja ulitaka Daimyojin, kama la Hideyoshi. Mtawa Tenkai wa madhehebu ya Kibudha ya Tendai akashikilia Gongen. Inasimuliwa kwamba hoja yake iliyowanyamazisha wengine ilikuwa swali jepesi: ukoo wa yule Daimyojin wa Kyoto uko wapi leo? Mwaka 1617 Mfalme akaidhinisha jina Tosho Daigongen. Hata hivyo, hekalu tunaloliona si kijumba cha wosia ule. Sehemu yake kubwa ni kazi ya mjukuu, Iemitsu, shoguni wa tatu, aliyelijenga upya kati ya 1634 na 1636 kwa gharama inayotajwa kuwa ryo 568,000 za dhahabu. Iemitsu alizaliwa mwaka 1604, baada ya Sekigahara, na madaraka yake hayakutoka kwenye ushindi wa upanga wake mwenyewe. Alihitaji babu aliye mungu kuliko babu mwenyewe alivyohitaji uungu.

Ndiyo maana ziara ya Nikko ikawa chombo cha utawala. Mashoguni walikwenda kwa misafara mikubwa ambayo watawala wa majimbo walilazimika kushiriki. Watawala hao walitoa taa za mawe na za shaba zilizochongwa majina yao, na wengi wakajenga matawi ya Toshogu katika maeneo yao. Mmoja wao, Matsudaira Masatsuna, alipanda mierezi kando ya barabara za kwenda huko, na mistari yake bado ina urefu wa kilomita 35 hivi. Wajumbe wa Korea walipelekwa kutoa heshima, na kengele iliyotoka kwao mwaka 1643 ingalipo. Kuanzia 1646 Mfalme naye alituma mjumbe kila mwaka. Hazina ya mashoguni ilipokauka, ziara zikawa adimu: baada ya ile ya 1728 palipita karibu nusu karne hadi 1776, kisha miaka 67 hadi ile ya mwisho, mwaka 1843. Kama jambo lingekuwa uchaji peke yake, msafara mdogo ungetosha. Kwa kuwa lilikuwa onyesho la nguvu, shoguni asiye na fedha za kulifanya kwa ukubwa wake aliona afadhali asiende.

Wako watakaosema kwamba hoja hii inaidhalilisha imani, kwani Wajapani waliabudu wafu mashuhuri karne nyingi kabla ya Hideyoshi. Ni kweli. Sugawara no Michizane, msomi aliyefia uhamishoni mwaka 903, alijengewa hekalu Kitano baada ya vifo na radi zilizopiga kasri kuhesabiwa kuwa ghadhabu yake. Lakini mfano huo unaonyesha tofauti. Michizane alikuwa mzimu wa mtu aliyedhulumiwa, na ibada ilianza kwa hofu ya walio hai. Hideyoshi na Ieyasu walikufa wakiwa washindi, hawakuwa na kinyongo cha kutulizwa, na uungu wao ulipangwa kama unavyopangwa urithi wa mali. Mila ya zamani iliwapa lugha na ibada; uamuzi wa nani aingie na nani atolewe ulikaa mikononi mwa watawala.

Mageuzi ya Meiji yanalithibitisha jambo hilo kwa namna ya kushangaza. Utawala wa Tokugawa ulipoanguka, Mfalme aliamuru mwaka 1868 hekalu la Hideyoshi lirudishwe, na mwaka 1869 akaagiza Oda Nobunaga, mbabe mwingine wa vita aliyekuwa amekufa tangu 1582, ajengewe la kwake. Serikali mpya ilimpenda Hideyoshi kwa kuwa hakuasisi ushoguni, na kwa kuwa aliivamia Korea kati ya 1592 na 1598. Hekalu jipya lilikamilika Kyoto mwaka 1880, karibu na kichuguu cha Mimizuka, palipofukiwa pua zilizokatwa kwa watu wa Korea katika vita hivyo. Nikko nako serikali iliwatenganisha miungu wa Kishinto na Ubudha walioishi pamoja karne nyingi, kisha mwaka 1873 Hideyoshi na Minamoto no Yoritomo, shoguni wa kale, wakaongezwa kwenye madhabahu ya Ieyasu. Mpaka sasa, katika maandamano ya Mei ya watu waliovaa kama askari wa kale, vihekalu vitatu hubebwa mabegani, na kimoja ni cha yule ambaye Ieyasu alimvua uungu.

Pingamizi la mwisho ni kwamba watalii wa leo hufuata uzuri, na uzuri hauna chama. Uzuri wa Nikko ni wa kweli, na mafundi wake wanastahili sifa zote. Lakini kila ubao uliopakwa dhahabu ulilipiwa na mtu aliyetaka utazamwe na watu fulani. Anayezuru hekalu kama hili asome kwanza miaka ya ujenzi na majina kwenye taa za mawe, ndipo amtafute shujaa. Akianza na shujaa, atamwona yule tu ambaye washindi waliamua aonekane.