Abiria Aliyeachwa Nje ya Bima

Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950, kilomita 210 zilizotandikwa kwa ajili ya madini ya risasi ya mgodi wa Uruwira. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, na mji ukazidi kutanuka hadi kuwa na kata kama Nsemulwa. Lakini treni haifiki kila kijiji. Penye njia ya vumbi watu walipanda malori, wakakaa juu ya magunia ya mahindi au marobota ya tumbaku, wakamlipa dereva nauli na kushuka walikokuwa wakienda.

Bima ya lori la namna hiyo ilikuwa ya kubeba mizigo. Aliyekaa juu ya magunia hakuwamo.

Kuachwa kwake kulianzia mbali. Mwaka 1930 Uingereza ilipitisha sheria iliyomlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya watu atakaowaua au kuwajeruhi barabarani. Sheria hiyohiyo ikaacha mianya. Bima haikulazimika kumhusu mfanyakazi wa mwenye gari aliyeumia kazini, wala abiria, isipokuwa pale gari linapobeba abiria kwa malipo au kwa mkataba wa kazi. Kampuni nazo zikaongeza masharti yao kuhusu ubovu wa gari, umri wa dereva, uzito wa mzigo na idadi ya watu. Majeruhi akashinda kesi, kisha akaambiwa sharti fulani lilivunjwa na mtu ambaye hata hamjui. Mwaka 1934 Bunge la Uingereza lilizizuia kampuni kutumia masharti mengi ya aina hiyo dhidi ya majeruhi. Mwanya wa abiria haukuzibwa.

Tanganyika ilirithi mfumo huo katika Sheria ya Bima ya Magari, inayojulikana leo kama Sura ya 169. Mpita njia akigongwa, bima ndogo, yaani ile ya lazima, inamhusu. Aliyekuwa ndani ya gari lilelile inabidi kwanza ijulikane amepandaje, amelipa au hakulipa, na gari lilikatiwa bima ya kazi gani.

Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, likakabidhiwa biashara yote ya bima Tanzania Bara. Kampuni binafsi zilirudi kwa sheria ya mwaka 1996. Kwa miaka hiyo karibu 30 Serikali ndiyo iliyokuwa mwenye sheria na mwenye bima kwa pamoja. Hakukuwa na wakati mzuri zaidi wa kumwingiza abiria wa lori kwenye kinga, na inasikitisha kwamba nafasi hiyo ilipita hivihivi.

Kisha ikaja bodaboda. Pikipiki zilikuwa zikibeba watu kwa malipo kabla sheria haijazitambua; kanuni za leseni za pikipiki na bajaji zilitoka mwaka 2010. Tangu hapo swali la zamani limehamia kwenye karatasi ndogo. Hati ya bima ina jina la mmiliki, namba ya usajili, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na sehemu ya matumizi. Pikipiki ya Nsemulwa iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi, kwa kuwa ada yake ni nafuu, ikipakia abiria wa kwenda sokoni imeshatoka nje ya mkataba. Ikibeba mishikaki, yaani abiria wawili au watatu kwa mpigo, kampuni inapata hoja nyingine ya kukataa. Mama aliyepakiwa na mtoto katikati hajawahi kuiona hati hiyo, wala hakuna anayemwonyesha kabla hajapanda.

Uingereza yenyewe iliondoa mwanya wa abiria kwa sheria ya mwaka 1971. Sura ya 169, katika toleo lake la mwaka 2002, ilikuwa bado nao.

Anayenyimwa fidia hajafungiwa milango yote. Mahakama zina kanuni ya zamani kwamba maneno yenye utata kwenye mkataba wa bima hutafsiriwa dhidi ya kampuni iliyoyaandika, na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, anayepokea malalamiko bila wakili. Ila kanuni hiyo humsaidia mtu pale tu maneno yanapokuwa na utata, na maneno "matumizi binafsi" hayana utata wowote. Kwa abiria wa Nsemulwa dawa iko bungeni: kufuta mwanya wenyewe, ili bima ya lazima imfuate kila aliyepanda, awe amelipa nauli au amepewa lifti.