Kosa Lisilopiga Kelele: Kadi za Michoro na Hesabu za Dhoruba za Ziwa

Dhoruba zinazowakuta wavuvi wa Kirumba, Igombe na Kayenze, katika Manispaa ya Ilemela kando ya Ziwa Victoria, hupiga zaidi usiku, na kuzitabiri kunahitaji modeli, yaani programu inayoigawa anga katika vyumba vidogo vidogo na kukokotoa upepo, joto na unyevu wa kila chumba. Modeli ya COSMO, ambayo toleo lake la tabianchi lilitumiwa na Wim Thiery na wenzake katika utafiti wa dhoruba za Ziwa Victoria uliochapishwa mwaka 2016, ndiyo iliyohamishiwa mwaka huohuo na idara ya hali ya hewa ya Uswisi kwenye kadi za michoro (GPU); na hapo swali la zamani likapata uzito mpya: mashine ikikosea hesabu, nani atajua, na nani atarekebisha?

Swali hilo lilimsumbua mapema Richard Hamming wa Maabara za Bell nchini Marekani, kwani mashine aliyoitumia mwishoni mwa juma iligundua kosa, kisha ikaiacha kazi yake na kushika nyingine. Mwaka 1950 alichapisha njia ya kuongeza biti za ukaguzi, yaani sifuri na moja za ziada zinazoonyesha ni biti ipi iliyogeuka, ili irudishwe ilivyokuwa.

Kadi za michoro zilinyimwa kinga hiyo kwa miaka mingi, kwa kuwa zilibuniwa kwa ajili ya michezo, ambamo nukta moja yenye rangi isiyo yake hupita bila kumdhuru mtu. Mwaka 2010 Imran Haque na Vijay Pande wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima maelfu ya kadi zilizokuwa kwa watu wa kujitolea, wakakuta theluthi mbili zina makosa ya kumbukumbu. Mwaka huohuo NVIDIA ilitoa kadi ya Tesla C2050 yenye biti za ukaguzi, lakini kwa bei yake: GB 3 za kumbukumbu zilibaki 2.625 biti hizo zilipowashwa.

Hata hivyo, biti hizo haziwezi kukamata kosa la kikokotoo chenyewe. Watafutaji wa namba tasa walilipatia dawa mwaka 2017, pale Robert Gerbicz alipopendekeza kuzidisha kwa ziada ambako majibu yake lazima yalingane na ya kazi kuu. Yasipolingana, programu hurudi kwenye hatua ya mwisho iliyohifadhiwa ikiwa salama. Mwaka 2024, kwa ukaguzi huo, kadi ya A100 iliyokuwa Dublin ilifichua namba tasa yenye tarakimu zaidi ya milioni 41.

Hesabu za hewa hazina ulinganifu mwepesi wa namna hiyo, kwa hiyo anayenunua kadi kwa ajili ya utabiri wa ziwa hana sababu ya kuzima biti za ukaguzi ili apate nafasi au kasi zaidi.