Wale simba wa Banda Street

Wasee, mnajua wale simba wawili wa mawe nje ya maktaba ya McMillan, karibu na Jamia? Wengi wetu tumepiga picha hapo na hatujawahi kuingia ndani. Lady McMillan aliijenga kumkumbuka mume wake, ikafunguliwa 1931. Ya Wazungu pekee. Kwa zaidi ya miaka 25 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Babu zetu walikuwa wanaipita tu, hapo hapo katikati ya mji wao.

Sasa ruka hadi 2021. Book Bunk, ya Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, wakaleta tamasha la NBO Litfest, waandishi na wasomaji pamoja, kwa maktaba hizi za umma. Pia wamekarabati matawi ya Kaloleni na Makadara, na kusema ukweli, hayo ndiyo mimi napenda zaidi. Kaloleni mtoto anatoka kwao na patipati, anamuuliza mwandishi swali, anarudi kabla ugali ipoe. Hakuna cha fare.

Tamasha ikifanyiwa hoteli ya Westlands, soja akikuangalia viatu kwanza, huo ni mlango wa 1931 umepakwa rangi. Ingine wapeleke Kaloleni, siku zote. Viti nitabeba mimi.