Ukiwa Jiwe la Bismarck Jioni, Mwezi Mkubwa Uko Mgongoni Kwako

Jumatatu, Novemba 14, 2016. Magrupu ya WhatsApp yamechafuka, kila mtu anatuma ujumbe uleule: usiku wa leo mwezi mpevu utakuwa karibu na dunia kuliko mwezi mpevu wowote tangu 1948. Kwa kijana wa Mwanza mwenye simu janja na chaji ya kutosha, swali lilikuwa moja tu. Tukaupigie wapi?

Jibu la haraka, lile linalotoka mdomoni kabla ya kichwa kufikiri, ni Jiwe la Bismarck. Si ndiyo picha ya Mwanza? Maharusi wanapelekwa pale, wahitimu pale, mgeni kutoka Dar akishuka tu anaomba apelekwe pale. Na jua likizama nyuma ya lile jiwe, hata simu ya bei ya chini inatoa picha ya kuposti.

Sasa hapo ndipo watu wanapopigwa chenga. Jiwe lile liko ukingo wa magharibi wa mji. Ukisimama ufukweni ukalitazama, unatazama machweo. Mwezi mpevu huchomoza mashariki, na huchomoza karibu na muda uleule jua linapozama, kwa sababu mwezi huwa mpevu pale tu unapokuwa upande wa pili wa dunia ukilinganisha na jua. Haijawahi kuwa tofauti. Kwa hiyo aliyeelekeza kamera kwenye jiwe jioni ile, akisubiri mwezi utokee majini, alikuwa ameupa mgongo. Wenyewe ulikuwa unapanda taratibu nyuma ya kisogo chake, juu ya vilima, mabati na nguzo za umeme.

Inauma, maana ziwa lote lile liko mbele ya macho. Ila Mwanza iko kusini mwa Ziwa Victoria, na maji yanayoonekana mjini kati ni ya Ghuba ya Mwanza, ambayo iko magharibi ya jiji. Jua huzama upande wa maji. Mwezi mpevu wa jioni hutokea upande wa nchi kavu.

Watu wa zamani waliokuwa wakipita njia hizi bila simu wala programu ya ramani walilijua hili vizuri sana. Wafanyabiashara wa pwani, wale wa misafara ya pembe za ndovu, jioni walipotazama magharibi waliona mwezi mwandamo, ule mwembamba kama ukucha, ukining'inia juu ya bara kabla ya kuzama. Huko magharibi wakakuita upande wa mwezi, na watu wake wakaitwa Wanyamwezi. Hayo ndiyo maelezo ya jina hilo yanayokubalika na wengi. Majirani zao wa kaskazini, ambao leo ndio wenyeji wa sehemu kubwa ya Mwanza, ni Wasukuma, na sukuma maana yake ni kaskazini. Majina yote mawili ni dira. Hata leo, Ramadhani ikikaribia kuisha, wanaotafuta mwezi wa Idi wanaelekeza macho magharibi, na mtu wa Mwanza anayefanya hivyo anatazama ziwani.

Kwenye nchi hiyohiyo ya mwezi ndiko alikotoka John Hanning Speke mwaka 1858. Alimwacha mwenzake, Richard Burton, akiwa mgonjwa Kazeh, ambako ni Tabora ya leo, akapanda kaskazini na wapagazi wake pamoja na Sidi Mubarak Bombay, na Agosti 3 akasimama kwenye kilima karibu na Mwanza akatazama maji yasiyo na mwisho. Wenyeji walikuwa na majina yao kwa ziwa hilo, Nyanza likiwa mojawapo. Yeye akalipa jina la malkia wake. Akajiambia kwamba hapo ndipo Mto Nile unapoanzia. Wazungu wakati huo walikuwa na hadithi ya tangu enzi za Ptolemy, karne ya 2, kwamba Nile inatoka kwenye Milima ya Mwezi, na Speke mwenyewe aliichora milima hiyo kwenye ramani yake, kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo habari za mwezi na ziwa hili zilianza zamani kabla ya Insta.

Wajerumani walipofika na kuweka kituo chao Mwanza mwaka 1892, wakaleta na jina la Otto von Bismarck, likabandikwa kwenye jiwe ambalo lilikuwa limekaa pale miaka na miaka bila kumhitaji. Bendera zikabadilika baada ya hapo. Jina likabaki.

Ule mwezi wa 1948 uliotajwa sana 2016 ulikuwa wa Januari 26, siku nne kabla ya Mahatma Gandhi kuuawa kule Delhi. Ulikuwa kilomita 356,461 kutoka duniani. Mwanza ya wakati huo ilikuwa mji wa bandari na reli chini ya Waingereza, reli kutoka Tabora ikiwa imefika miaka 20 nyuma, 1928. Kamera ilikuwa kitu cha studio na cha watu wachache wenye nafasi, filamu ilinunuliwa, na kila picha ilikuwa hela. Nani angepoteza filamu kwa mwezi? Na hata neno supamuni halikuwepo. Lilitungwa mwaka 1979 na Richard Nolle, Mmarekani anayepiga ramli za nyota, si mwanasayansi wa anga. Wanasayansi waliliona kama mzaha, halafu wakajikuta nao wanalitumia kwa sababu watu wamelipenda.

Wa 2016 ulikuwa kilomita 356,509. Tofauti na ule wa 1948 ni kilomita 48 tu, umbali ambao daladala inaumaliza kabla abiria hajasinzia vizuri. Wastani wa umbali wa mwezi ni kama kilomita 384,400, maana njia yake haiko duara kamili, kuna pahala inasogea na pahala inajitenga. Mwezi mpevu ukiangukia pale panaposogea, unaonekana mpana kwa hadi asilimia 14 kuliko ule mpevu wa mbali kabisa. Lakini hakuna anayeiona miezi hiyo miwili ikiwa pamoja. Ukilinganisha na mwezi wa kawaida wa kila mara, tofauti ni ndogo kiasi kwamba asiyeambiwa hajui. Kile kinachofanya watu waseme "duh, ona ulivyo mkubwa" ni mwezi kuwa chini karibu na upeo, jirani na miti na nyumba. Ubongo ndio unaukuza. Ukiupiga kwa simu unarudi kuwa kidonge cheupe, na mtu anaishia kuilaumu simu.

Wapiga picha wanaojua kazi yao wanamaliza tatizo hili kwa miguu. Mwezi kwenye anga una upana wa nusu digrii tu, iwe umesimama Nyegezi au Ukerewe. Hauwezi kuukuza, ila kitu unachouweka nacho unaweza kukipunguza kwa kurudi nyuma. Mtu aliyesimama umbali wa mita 200 anaonekana mrefu sawa na mwezi. Ukiwa kilomita 1 mbali, kinacholingana nao ni kitu cha mita 9 hivi, na ukiwa kilomita 5, ni jengo la mita 45. Ndiyo maana zile picha zinazotrendi, za mwezi mkubwa kama ghorofa, zimepigwa kutoka mbali sana kwa lenzi ndefu. Aliyepiga huenda hata sura ya yule mtu kwenye picha hakuiona kwa macho.

Kwa hesabu hiyo ramani ya Mwanza inajipanga upya. Anayetaka jiji na mwezi wa jioni pamoja anatakiwa atoke jijini. Avuke kwa kivuko hadi Kamanga, upande wa Sengerema, halafu ageuke atazame alikotoka. Kutoka pale mwezi unachomoza upande wa Mwanza, nyuma ya vilima na miamba, na maji ya ghuba yako mbele yake. Mwenye lenzi ndefu anapata picha ambayo aliyebaki mjini haipati kwa namna yoyote. Aulizie tu kivuko cha mwisho kurudi ni saa ngapi, vinginevyo mwezi atautazama mpaka asubuhi.

Upande wa kusini zaidi kuna Busisi. Zamani hapo palikuwa pa foleni ya kivuko na mahindi ya kuchoma. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la Magufuli, takriban kilomita 3 za zege juu ya maji. Ukikaa upande wa Busisi, mwezi unakuja kutoka upande wa Kigongo, na daraja lenyewe linakuelekeza macho. Ni sehemu nzuri kuliko zote kwa sasa, ila daraja ni daraja, zungumza na wanaolinda kabla hujasimika stendi ya kamera. Na droni bila kibali usijaribu, hiyo ni kesi.

Na anayetaka mwezi utoke majini kabisa? Aende Kayenze, Ilemela, kwenye Ghuba ya Speke, ambako maji yanaelekea mashariki. Novemba hadi Januari pananoga zaidi, kwa sababu miezi hiyo mwezi mpevu huchomoza kaskazini kidogo ya mashariki. Au apande meli mpaka Bukoba, ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Huko ziwa liko mashariki, kisiwa cha Musira kiko mbele, na mwezi unatoka majini kama ulivyouota. Watu wa Bukoba wanapata bure kile ambacho Mwanza wanakitafuta kwa nauli. Nayo Mwanza ina machweo, Bukoba haina ya majini, kwa hiyo ngoma droo.

Halafu jiwe? Jiwe lina zamu yake, na ni alfajiri. Mwezi mpevu unaochomoza mashariki jioni huzama magharibi asubuhi, pale pale kila mtu aliposimama jana yake akiutafuta. Novemba 14, 2016 mwezi ulizama kama saa 12 asubuhi, jua likiwa bado halijatoka, mwanga wa bluu ukiwa juu ya maji. Picha ya Bismarck na mwezi mkubwa ilikuwepo siku ileile. Ilikuwepo saa kumi na mbili kabla ya umati kufika.

Muda wenyewe ni mfupi. Mwanza iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo mwezi unapanda na kushuka karibu wima, na kila dakika 2 unakuwa umesogea upana wake mzima. Ukichelewa kufunga stendi, umeshaondoka kwenye fremu.

Mawingu nayo yana historia yake hapa. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unatoka pande zote kwenda ziwani, hewa inapanda, na radi zinatengenezwa katikati ya ziwa usiku kuelekea asubuhi. Wavuvi wamekuwa wakipoteza maisha kwa dhoruba hizo miaka yote. Anayefikiria kukodi mtumbwi usiku ili apate pembe ya kipekee, aachane na hilo wazo. Ufukweni panatosha.

Wavuvi hao ndio wanaoupanga mwezi kuliko mtu yeyote ziwani. Dagaa huvuliwa kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola, kwenye usiku wa giza. Mwanga huvuta dagaa kwenye nyavu. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga na taa hazina kazi, kwa hiyo siku kadhaa boti zinapumzika, nyavu zinashonwa, na mfukoni panakauka. Mbalamwezi ambayo mjini watu wanaisubiri kwa hamu, mwaloni ni siku za kuishi kwa mkopo. Kwa mpiga picha maana yake ni kwamba ile mistari ya taa ziwani, inayofanana na mji unaoelea, haitakuwepo usiku wa supamuni. Kutakuwa na boti zimevutwa mchangani, na wenyewe wakiwa wamekaa pembeni. Omba ruhusa kabla ya kuwapiga, na kama una chochote, acha. Wewe uko kazini, wao hawako.

Kuhusu simu, mwaka 2023 mtumiaji mmoja wa Reddit alichukua picha ya mwezi, akaifanya ukungu makusudi mpaka mabonde yake yote yakafutika, akaiweka kwenye kioo cha kompyuta, akazima taa, akaipiga kwa simu ya Samsung kutoka mbali. Simu ikatoa mwezi wenye mabonde. Yaani iliyachora yenyewe. Kampuni ikaeleza kwamba ni teknolojia ya akili bandia ya kuboresha picha. Kwa hiyo ukikuza mwezi peke yake, picha yako na ya jirani zitafanana kama pacha. Kitu ambacho simu haiwezi kukutungia ni Kamanga, kivuko, na aliyesimama mita 200 mbele yako.

Kwa anayepanga, Alhamisi ya Desemba 24, 2026, mkesha wa Krismasi, mwezi unakuwa mpevu saa 10 na nusu alfajiri, ukiwa karibu kuliko mpevu mwingine wowote wa mwaka huo. Unashuka upande wa ghuba wakati jua linachomoza, kaskazini zaidi ya magharibi, kwa hiyo asimame kusini-mashariki ya jiwe, na vuli ikimkubalia atapata. Wa kuupita ule wa 2016 ni wa Novemba 2034, utakaokuwa mpevu usiku wa Jumamosi tarehe 25 kuamkia Jumapili. Mtoto aliyekuwa na miaka 7 akibebwa begani kuuona ule wa 2016 atakuwa na 25.