Puli, Belti na Msumeno wa Nyumbani

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, bila shaka mnaikumbuka kanuni ya kutafuta mzingo wa duara: kipenyo mara pai. Tuliikariri kwa ajili ya mtihani, na baada ya mtihani wengi wetu tukaachana nayo. Mimi ilinirudia mwaka 2019, nyumbani Mufindi, siku utepe wa msumeno ulipokatika na kumchana mdogo wangu mkono. Nimeonelea niandike machache juu ya historia ya mashine hiyo, kwani tulilolikosea sisi lilikwisha kupatiwa jibu zamani.

Hapo kale gogo lililazwa juu ya shimo, mtu mmoja akasimama juu na mwenzake chini, wakavuta msumeno kutwa nzima. Baadaye ukaja msumeno wa duara, ambao kwetu Mufindi umezoeleka katika mashine ziitwazo "dingdong". Huo hupasua upesi, lakini bamba lake ni nene. Kila unapopita hugeuza milimita 5 au zaidi za mti kuwa vumbi. Utepe mwembamba hula kama milimita 2 tu. Katika mipasuo 10 umeokoa milimita 30, yaani ubao mzima wa inchi moja. Hiyo ndiyo sababu tuliutamani.

Wazo la msumeno wa utepe si geni. Mwingereza William Newberry alipewa hataza yake London mwaka 1808: utepe wa chuma wenye meno, uzungukao juu ya magurudumu mawili. Lakini mashine haikufaa kitu kwa miaka mingi, kwa kuwa hapakuwa na utepe wa kustahimili kupindwa mfululizo, wala njia ya kuziunga ncha zake zisiachane. Mwaka 1846 mwanamke wa Kifaransa, Anne Paulin Crépin, alipata hataza ya namna ya kuziunga ncha hizo. Kampuni ya Périn ya Paris ikaichukua na kuiendeleza, na ndipo mashine ikaingia viwandani.

Sasa, utepe hauzunguki wenyewe. Katika viwanda vya karne ya 19 nguvu ya mvuke ilisafirishwa kwa belti bapa za ngozi. Puli zake zilichongwa ziwe na kinundu kidogo katikati, maana belti bapa hupanda penye kinundu na kutulia hapo badala ya kuchopoka. Hata hivyo ziliteleza, zikadai nafasi kubwa baina ya mashine na mashine. Mwaka 1917 John Gates, wa mji wa Denver huko Marekani, alitengeneza belti ya mpira na kitambaa yenye umbo la herufi V. Belti hiyo huzama katika mfereji wa puli na kubana kwa mbavu zake. Kadiri mzigo unavyozidi, ndivyo inavyozidi kubana. Kwa hiyo haipasi kamwe kugusa sakafu ya mfereji. Ikigusa, mbavu hazibani tena, nayo huteleza na kuungua.

Narudi nyumbani. Mdogo wangu alikuwa amekopa fedha za kununulia injini ya nguvu za farasi 10, na fundi wa kuchomelea akatuundia fremu na magurudumu ya kipenyo cha sentimita 50. Kazi ya kuchagua puli nilipewa mimi, kwa kuwa ndimi niliyefika chuo kikuu. Nilinunua zilizokuwapo dukani: ya injini sentimita 12.5, ya gurudumu sentimita 20. Belti nilichukua mbili, moja mpya na moja kuukuu. Mzee mmoja aliyepasua mbao tangu ujana wake alitutazama akauliza, "Huo utepe utakwenda mbio kiasi gani?" Nilimjibu kwamba utakwenda vizuri tu.

Utepe ulipata moto, ukapoteza makali, na siku ya tatu ukakatika. Mdogo wangu alishonwa nyuzi 9, na deni likabaki pale pale.

Usiku ule nilichukua karatasi. Injini yetu ilizunguka mara 3,000 kwa dakika. Kwa puli zile, gurudumu lilizunguka mara 1,875, na kwa kuwa mzingo wake ni mita 1.57, utepe ulikimbia karibu mita 2,940 kwa dakika. Tepe za namna ile hutakiwa kwenda kama mita 1,500. Tulikuwa tumezidisha karibu mara mbili! Tukabadili puli ya gurudumu, tukaweka ya sentimita 40, mwendo ukashuka hadi mita 1,470. Belti nazo tukanunua mbili mpya za urefu mmoja, maana zisipolingana iliyo fupi hubeba mzigo wote na kufa mapema. Tukaweka na kifuniko cha bati juu ya magurudumu.

Mashine ingali inapasua, na deni lilikwisha kulipwa. Ila mdogo wangu hawezi kukunja kidole chake cha mwisho. Hesabu iliyoweza kukiokoa ni ya dakika tano, na nilifundishwa shuleni petu. Yule mzee hakuwahi kufundishwa, lakini ndiye aliyeuliza.