Muuguzi wa Kusini alifundishwaje?

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mgonjwa wa Kilwa aliyeandikiwa rufaa ya Dar es Salaam alikuwa na mto wa kuvuka. Masika yakikolea na Rufiji kufurika, kivuko cha Ndundu hakikuwa cha kutegemea na barabara iligeuka tope tupu. Nesi wa zahanati alibaki na mgonjwa wake, akimhudumia kwa kile alichofundishwa. Ndiyo maana historia ya mafunzo ya uuguzi Kilwa, Lindi na bara yake inazunguka swali moja: mtu atakayejikuta peke yake na mgonjwa afundishwe nini, na kwa mpangilio gani?

Waliotangulia kulijibu ni wamisheni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alipitia Lindi akiwaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, wakaweka makazi Masasi. Wabenediktini nao, baada ya kituo chao cha Nyangao kuharibiwa katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, walianzisha Ndanda mwaka uliofuata. Hapo ndipo baadaye mtawa na daktari Thekla Stinnesbeck alipojenga huduma za hospitali.

Mwaka 1935 aliwasili daktari wa Kiingereza, Leader Stirling. Hospitali yake ya Lulindi ilianza kwa kuta za udongo na mapaa ya nyasi, na humo humo vijana wa Kiafrika wakafundishwa uuguzi. Mwaka 1949 alihamia Mnero, Nachingwea. Hatimaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania, kuanzia mwaka 1975 hadi 1980.

Katika hospitali za namna ile, darasa lilikuwa wodi. Mwanafunzi alimfuata aliyemtangulia: kutandika kitanda, kupima joto, kusafisha kidonda, kuchemsha vyombo. Mkono ulizoea kazi haraka, lakini aliyejua la kufanya hakujua kila mara kwa nini linafanyika.

Sheria ya usajili wa wauguzi na wakunga ya mwaka 1952, na baraza lililoundwa mwaka uliofuata, zilileta daftari la majina na viwango vya kitaifa. Masomo nayo yakapangwa kama ya udaktari, yaani kwa mifumo ya mwili na magonjwa yake: leo moyo, kesho mapafu, mtondo figo.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liligeuza macho ya serikali kutoka hospitali za mijini kwenda vijijini. Zahanati ziliongezeka, na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ikahimiza vyoo na maji safi. Wasaidizi wa afya ya mama na mtoto waliandaliwa kwa kozi ya miezi 18: chanjo, mizani ya watoto, kliniki ya wajawazito. Safari hii mtaala ulianza na kijiji, ukaangalia kinachowaua watu pale.

Baada ya sheria ya mwaka 1997 iliyounda Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi (NACTE), vyuo vikaingia katika mitaala ya umahiri. Mwanafunzi anapanda ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 mpaka stashahada, akipimwa kwa anachoweza kutenda.

Hata hivyo vitabu vimezidi kunenepa. VVU ilikuja na mada zake, kisukari na shinikizo la damu nazo zikadai nafasi. Mada huongezwa, hazipunguzwi. Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Mwaka 2007 Jean Giddens na Debra Brady, walimu wa uuguzi nchini Marekani, waliandika kwamba masomo yamefurika, wakapendekeza mtaala unaojengwa juu ya dhana chache kuu, kama vile maambukizi, maumivu, oksijeni, mzunguko wa damu, usalama wa mgonjwa.

Chukua dhana ya oksijeni, uilete Kilwa. Mkufunzi anaweka wagonjwa wanne mezani. Wa kwanza ni mtoto wa miezi minane mwenye kichomi, anayepumua zaidi ya mara 50 kwa dakika. Wa pili ni mtoto wa malaria kali, viganja vyeupe. Wa tatu ni mama anayevuja damu baada ya kujifungua, na wa nne ni mvuvi aliyeopolewa baharini. Wote wanakosa oksijeni, lakini kwa mtoto wa kwanza kasoro iko kwenye mapafu. Kwa wa pili chembe nyekundu zimeharibiwa. Kwa mama damu yenyewe inaondoka. Kwa mvuvi hewa haikuingia. Mtungi wa oksijeni pekee hautamwokoa mama yule: damu isimamishwe kwanza, kwa sindano ya oksitosini na kukanda mji wa mimba. Mwanafunzi aliyeelewa hivyo, akimpokea wa tano ambaye hakumsoma darasani, ana pa kuanzia.

Dhana zenyewe zaweza kuwa za taifa zima, kama mtaala wenyewe ulivyo wa taifa. Mifano ndiyo inayopaswa kuchaguliwa na wakufunzi wa Lindi pamoja na manesi wa zahanati, kwa kufuata vitabu vya wagonjwa vya eneo lao. Dhana isiyo na mifano hugeuka fasili ya kukariri tu.

Kigingi kikubwa kitakuwa mtihani. Ukiendelea kuuliza "taja dalili tano za kichomi", wanafunzi wataendelea kukariri dalili tano, hata mtaala uandikwe upya namna gani. Wanaotaka mtaala wa dhana waanze na karatasi ya maswali: waweke mgonjwa mbele ya mwanafunzi, wamuulize ataanza na nini, na kwa nini.