Kabla ya Taylor Swift, Manju wa Bariadi Walishazirudia Ngoma Zao

Mwaka 2021 Taylor Swift alipoanza kuachia albamu zake za zamani alizozirekodi upya, mitandao iliwaka moto. Wengi wakaona ni ujanja mpya wa Marekani. Kumbe Usukumani, kuanzia Bariadi hadi Maswa na Meatu, kuugeuza wimbo wako mwenyewe ni kazi ya kila msimu ya manju, au ningi kama Wasukuma wenyewe wanavyomwita.

Twende nyuma kidogo. Kwa Wasukuma ngoma ni mashindano. Kuna pande mbili hasimu, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno wanakutana uwanjani, kila upande unacheza kivyake kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ukija na wimbo wa mwaka jana vilevile ulivyo, umeliwa. Basi manju anachukua mahadhi ambayo watu wameshayazoea, anayavalisha maneno mapya: vijembe kwa mpinzani, mambo ya pamba, njaa, siasa. Kuitikia ni rahisi, habari ni mpya.

Kisha kikaja kinasa sauti. Enzi za Ujamaa studio kubwa ya nchi ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwanamuziki anarekodi, anaondoka, mkanda unabaki redioni. Wimbo uliozoea kubadilika ukaganda, na rekodi haikuwa mali ya aliyeimba.

Leo Simiyu, mkoa uliozaliwa 2012 makao makuu yakiwa Bariadi, manju wanaimba kwa kinanda na nyimbo zinasambaa kwa memori kadi na YouTube. Mtu ana harusi, anamlipa manju. Biti ya ngoma iliyotamba inarudi, ila safari hii ndani yumo bwana harusi, baba yake na ukoo mzima. Watu wa mjini wanacheka eti ngoma zote zinafanana. Kufanana ndiko kunakouza! Mteja anataka kile alichokisikia kwa jirani, ila kiwe na jina lake.

Shida iko kwenye makaratasi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inatenganisha haki ya mtunzi na haki ya mtengenezaji wa rekodi. Manju akiuza rekodi tu, utunzi bado ni wake. Kama mkataba haumzuii, anaingia studio na kuurudia, njia ileile aliyopita Swift. Lakini akisaini kuuza vyote bila kusoma, kuna siku ataomba ruhusa ya kuimba wimbo alioutunga mwenyewe. Kwa mtu anayeishi kwa harusi, huko ni kufungiwa duka.

Wana Simiyu, ni ngoma gani ya zamani mngetaka mwenyewe airudie?